Hekalu la Zentsuji, kisiwani Shikoku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Okayama, ng'ambo ya Bahari ya Ndani ya Seto, na karibu kila mgeni anayenijia kutoka nyumbani humvusha daraja tukaenda Zentsuji. Wengi huja Japani wakiwa na Tokyo na Kyoto kichwani, na wanaporudi, jina wanaloniulizia tena ni hili. Maswali yao yanafanana sana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Zentsuji ni mahali gani?

Ni hekalu la Kibudha la madhehebu ya Shingon, katika mji mdogo uitwao pia Zentsuji, mkoa wa Kagawa, kisiwani Shikoku. Ni la 75 kati ya mahekalu 88 ya njia ya hija inayokizunguka kisiwa kizima. Kwa mapokeo, ujenzi ulianza mwaka 807 na kukamilika 813, na jina lake ni la baba yake mwanzilishi, Saeki Zentsu, aliyekuwa mwenye ardhi.

Eneo lake limegawanyika sehemu mbili. Upande wa mashariki ndiko kwenye jumba kuu, pagoda (mnara wa orofa tano) na mikafuri mikubwa, nako ndiko hekalu la kwanza lilikojengwa. Upande wa magharibi ndiko ilikokuwa nyumba ya familia ya Saeki, na hapo ndipo alipozaliwa mtoto ambaye watu wa Shikoku mpaka leo humtaja kana kwamba alipita mlangoni kwao juzi.

Huyo mtoto ni nani?

Ni Kukai, aliyezaliwa mwaka 774. Utotoni aliitwa Mao. Mwaka 804 alipanda jahazi kwenda China, akafika Chang'an na kusoma chini ya mwalimu Huiguo, akarudi Japani mwaka 806 na mafundisho yaliyozaa madhehebu ya Shingon. Alifariki mwaka 835 katika mlima Koya, ingawa wafuasi wake hawasemi kwamba alifariki. Husema bado yumo katika tafakuri. Mwaka 921 mfalme alimpa jina la heshima la Kobo Daishi, Mwalimu Mkuu aliyeeneza Mafundisho, na wengi humwita Daishi tu, tena kwa mapenzi: "Odaishi-san".

Mimi mwenyewe nilianza kumwelewa si hekaluni bali kwenye lambo. Kusini mwa Zentsuji kuna lambo liitwalo Manno-ike. Kagawa ina mvua chache, na lambo hilo lilipobomoka maofisa wa serikali walishindwa kulijenga upya. Mwaka 821 wakamtuma Kukai, kwa kuwa watu wa kwao walimpenda na wangekuja kumsaidia kazi. Walikuja, na ukuta ukasimama kwa muda wa miezi michache. Mashamba ya mpunga ya bonde hilo yanakunywa maji yake hadi leo. Anayetoka nchi inayojua kiangazi ataelewa kwa nini mtu wa namna hiyo hasahauliki.

Lazima nitembelee mahekalu yote 88?

Hapana. Njia nzima ni takriban kilomita 1,200, na kwa miguu huchukua siku 40 hadi 50. Wajapani wengi huigawa vipandevipande kwa miaka kadhaa, wengine huenda kwa gari au kwa basi la kikundi, na hakuna anayewahesabu kuwa mahujaji wa daraja la pili. Njia inapita mikoa minne, na kila mmoja umepewa hatua ya safari ya roho: Tokushima ni kuamka, Kochi ni kujinidhamu, Ehime ni kuelimika, na Kagawa ni nirvana, yaani kuwekwa huru na mateso. Anayefika Zentsuji kwa miguu kutoka hekalu la kwanza huwa amebakiza kumi na matatu tu mbele yake. Ukikaa langoni dakika kumi utawatambua watu hao kwa nyuso walizochomwa na jua na kwa jinsi wanavyovua viatu taratibu.

Nafikaje kutoka Tokyo au Osaka?

Panda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hadi Okayama: saa tatu na zaidi kidogo kutoka Tokyo, chini ya saa moja kutoka Shin-Osaka. Okayama badili treni, chukua iitwayo Nanpu, ambayo husimama Zentsuji baada ya muda usiozidi saa moja hivi. Kaa dirishani. Treni inavuka Daraja Kuu la Seto, lililofunguliwa mwaka 1988, na chini utaona visiwa na meli kana kwamba unaruka. Kutoka stesheni ya Zentsuji ni mwendo wa miguu wa dakika ishirini kwa njia tambarare. Pagoda utaiona kabla hujafika.

Kuhusu viza: raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza kuingia Japani, na ubalozi utataka ratiba ya siku hadi siku. Andika Zentsuji humo waziwazi.

Mimi ni Mwislamu (au Mkristo). Naruhusiwa kuingia?

Unaruhusiwa. Hekalu halimwulizi mtu dini yake langoni, na hakuna kiingilio cha kutembea uwanjani. Hakuna atakayekulazimisha kuinama, kuwasha ubani wala kutamka neno. Ukisimama kimya kwa adabu wakati wengine wanasoma, umetimiza heshima yote inayotarajiwa.

Kuna jambo moja ninalowaambia wageni wangu mapema ili lisiwashtue. Kitabu cha mihuri ambacho watalii hukinunua kama ukumbusho ni kitu cha ibada. Maandishi yanayoandikwa humo ni jina la mtukufu wa hekalu, na mhuri ni ushahidi kwamba mtu amesoma maandiko mbele yake. Wengine wanaridhika nacho, wengine dhamiri zao hazikubali. Amua wewe ukiwa unajua ni nini. Rafiki yangu mmoja kutoka Mombasa hakuchukua kitabu, akakaa chini ya mti na daftari lake akaandika ya kwake, na sidhani kama alipungukiwa.

Kwenye kisima cha kunawa langoni, maji ni ya mikono, na kusukutua kinywa hakuhitajiki kwa mgeni. Si udhu na wala hayachukui nafasi ya udhu. Chumba cha kuswalia sijakiona hapo, basi panga wakati wako na ubebe mswala.

Mahujaji hufanya nini hasa wakifika? Nianzie wapi?

Huinama mara moja langoni, hunawa, kisha hupiga kengele wakati wa kuingia. Usiipige unapotoka, hiyo huhesabiwa mkosi. Halafu huenda jumba kuu, upande wa mashariki: mshumaa mmoja, vijiti vitatu vya ubani, kikaratasi chenye jina lao ndani ya sanduku, sarafu, na kusoma Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibudha. Mshumaa huwashwa kwa kiberiti chako au kwa moto uliowekwa pale, si kwa mshumaa wa mwenzako, maana husemwa utajitwika mzigo wake. Baada ya hapo hurudia yote kwenye jumba la Daishi, upande wa magharibi. Ofisi ya mihuri huwa ya mwisho.

Mfuate mtu mmoja mwenye nguo nyeupe, ukiwa hatua chache nyuma, utajifunza yote bila kuuliza. Ndani ya jumba kuu, lililojengwa upya mwaka 1699 baada ya hekalu kuteketea vitani mwaka 1558, kuna sanamu ya Yakushi, Budha wa tiba, yenye urefu wa mita tatu hivi. Kuna mwanga hafifu, na macho yanahitaji dakika moja kuizoea. Wengi hawaipi hiyo dakika, wanachungulia na kuondoka.

Ile nguo nyeupe ya mahujaji, pama na fimbo, nami nivae?

Si lazima. Anayetaka anaweza kuvaa hata kizibao cheupe peke yake juu ya nguo zake. Hakuna atakayesema unaigiza. Lakini ujue unavaa nini. Nyeupe ni rangi ya sanda: zamani hujaji aliyefia njiani alizikwa vilevile alivyo. Sisi tunaojua ihramu hatuhitaji maelezo marefu hapo. Pama la nyasi lina maandishi *dogyo ninin*, yaani "wasafiri wawili", kwa sababu anayetembea peke yake huamini anakwenda na Daishi.

Fimbo ndiyo Daishi mwenyewe. Ukifika nyumba ya kulala, ncha ya fimbo huoshwa kabla ya miguu yako, na huwekwa mahali pa heshima chumbani. Darajani haigongwi chini. Simulizi ni kwamba Daishi alinyimwa malazi akalala chini ya daraja huko Ozu, na hakuna anayejua kama yuko chini ya daraja hili unalolivuka sasa.

Kitabu cha mihuri hugharimu kiasi gani, na ofisi hufunguliwa saa ngapi?

Tangu Aprili 2024 mhuri mmoja kwenye kitabu ni yeni 500. Kabla ya hapo ulikuwa 300. Ofisi hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kitabu chenyewe hununuliwa hapohapo. Leta pesa taslimu, na sarafu nyingi. Mjini, mashine za kutolea pesa za posta na za maduka yanayokesha hupokea kadi za nje.

Mpe mwandishi nafasi yake. Anashika brashi, anaandika mistari mitatu bila kusita, anagonga mihuri mitatu myekundu, anaweka karatasi ya kunyonya wino. Usimpige picha bila ruhusa.

Nimesikia kuna njia ya giza chini ya hekalu. Ni kweli?

Ni kweli, na ukiwa na nafasi ya jambo moja tu Zentsuji, chagua hili. Chini ya jumba la Daishi, mahali anapoaminiwa kuzaliwa, pamechimbwa njia ya urefu wa mita mia moja hivi. Unakata tiketi ya ada ndogo, unashuka ngazi, na baada ya kona ya kwanza mwanga unakatika kabisa. Huo si usiku wa chumbani ambako macho huzoea. Ukiinua kiganja mbele ya pua hukioni. Unaweka mkono wa kushoto ukutani na kwenda nao, na mahujaji hutamka polepole "Namu Daishi Henjo Kongo" mpaka watokee upande wa pili.

Mara ya kwanza nilikwenda haraka, nikitaka kumaliza. Mara ya pili mbele yangu alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akitamka kwa sauti ya chini, na mimi nikawa nikifuata sauti ile badala ya ukuta. Alipotua pumzi, nami nilisimama. Tulipotoka juani alinigeukia akacheka, akaniinamia kidogo, akaenda zake. Sijawahi kujua sura yake vizuri, lakini sauti yake naijua.

Usiwashe simu. Mwanga wako unawaharibia walio nyuma. Anayesumbuliwa na hofu ya mahali finyu au mtoto mdogo anayeogopa giza asilazimishwe kuingia. Tiketi hiyo hiyo hukuingiza kwenye jumba la hazina. Miongoni mwa hazina za taifa zinazomilikiwa na hekalu ni kichwa cha fimbo ya shaba anachosemwa Kukai alikileta kutoka China, na maandiko ambayo kando ya kila herufi pamechorwa Budha mdogo. Vitu hivyo viwili havionyeshwi kila siku.

Ile pagoda ina umri gani?

Hii ya sasa ilikamilika mwaka 1902, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1845. Zilizotangulia zilianguka kwa dhoruba au kuungua. Ina orofa tano na kimo cha takriban mita 43. Cha ajabu kiko ndani: nguzo ya katikati imening'inizwa kwa mnyororo kutoka juu na haigusi jiwe la msingi. Mbao za jengo hulegea na kushuka kadiri miaka inavyopita, na nguzo iliyokita chini ingelitoboa paa. Sehemu ya chini hufunguliwa kwa watu siku chache tu, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei.

Ukimaliza kuitazama pagoda, geuka uitazame mikafuri. Ipo miwili mikubwa sana, inayokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka elfu moja, na husemwa ilikuwapo Kukai alipokuwa mtoto. Ni mti utoao kafuri ile tunayoijua kwenye mazishi, si mkulo wa Usambara na Kilimanjaro ambao wageni waliupa jina la kafuri ya Afrika Mashariki. Okota jani moja lililoanguka, livunje, unuse. Wageni wangu wa pwani hunyamaza wote hapo, kila mmoja kwa marehemu wake.

Mtu nisiyemjua amenipa machungwa na pesa njiani. Nifanyeje?

Pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Hiyo ni *osettai*, takrima ya watu wa Shikoku kwa mahujaji, na ni desturi ya karne nyingi. Anayekupa anaamini anampa Daishi anayetembea nawe, na thawabu ni yake; kukataa ni kumnyima. Waswahili walishasema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijaona mahali pengine methali hiyo ikitekelezwa neno kwa neno kama hapa. Hujaji hurudisha kikaratasi chake chenye jina, *osamefuda*. Rangi ya kikaratasi huonyesha mtu amezunguka mara ngapi: cheupe ni mara ya kwanza hadi ya nne, na cha dhahabu ni mara 50 hadi 99. Ukipewa cha dhahabu, kitunze.

Lakini osettai haidaiwi. Ukiwa umekuja kwa treni kwa siku moja na mtu akakuuliza kama ni hujaji, mwambie ukweli. Mara nyingi atakupa hata hivyo.

Chakula je? Situmii nguruwe wala pombe.

Kagawa ni nchi ya *udon*, tambi nene za ngano, na utazipata kila kona kwa bei nafuu. Mchuzi wake hutengenezwa kwa *iriko*, dagaa wakavu, na harufu ya jiko asubuhi itakukumbusha nyumbani. Tahadhari ni mbili. Sosi hutiwa mara nyingi *mirin*, mvinyo mtamu wa mchele, na baadhi ya nyongeza huwa na nyama. Njia nyepesi ni *kamaage*: tambi kutoka chunguni na sosi kando, ambayo unaweza kuiacha ukatia chumvi, tangawizi na kitunguu. Chakula cha kitawa hakina nyama wala samaki, lakini nacho uliza kuhusu mirin. Andika unachokwepa kwa Kijapani kwenye karatasi na uionyeshe; wapishi husoma kwa makini kweli.

Lugha isikutishe. Silabi nyingi za Kijapani huishia kwa irabu kama zetu, na Mswahili husema "arigato gozaimasu" vizuri tangu siku ya kwanza.

Nilale hapo au nirudi Okayama jioni?

Lala. Hekalu lina nyumba ya wageni upande wa magharibi, yenye bafu la maji ya chemchemi, na mgeni hukaribishwa kwenye ibada ya alfajiri. Bafu hilo ni la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, na watu huoga bila nguo. Asiyependa aulize mapema kama chumba chake kina bafu. Weka nafasi siku nyingi kabla. Hata usipolala hekaluni, lala mjini. Wanaokuja na basi hukaa nusu saa, na ninawahurumia, maana mahali hapa pana asubuhi ambayo nusu saa ya mchana haiwezi kuionyesha.

Kuna mahekalu mengine ya karibu?

Namba 71 hadi 77 yote yanaweza kutembelewa kwa miguu siku moja ndefu. Kama una nusu siku, nenda 72, 73, 74 halafu umalizie 75. Juu ya hekalu la 73, Shusshakaji, kuna jabali ambako husimuliwa kwamba Mao, akiwa na miaka saba, alijitupa akisema kama maisha yake yatawafaa watu basi aokolewe, na malaika akamdaka. Njia ya kupanda ni kali. Mvua ikiwa imenyesha, tazama kutoka chini.

Msimu gani mzuri?

Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Juni huwa na mvua za mfululizo, Julai na Agosti joto lenye unyevu, Septemba vimbunga. Wazee na wenye viti vya magurudumu wataweza sehemu kubwa ya uwanja, isipokuwa njia ya giza na ngazi za majumba.

Treni ilichelewa, nimefika saa kumi na mbili jioni na ofisi imefungwa. Nimekosa?

Umekosa mhuri na njia ya giza. Uwanja bado unapitika. Ingia kwa lango la mashariki, pita jumba kuu lililofungwa, ukakae karibu na mkafuri. Saa hiyo watu wa mji huja: anayetembeza mbwa, mwanafunzi anayekatisha na baiskeli yake akishuka langoni kuinama, mzee anayesimama mbele ya mlango uliofungwa na kusoma sutra kwa moyo, mwanzo hadi mwisho. Kaa nao hadi giza. Kesho saa mbili ofisi itafunguliwa.